Mbona huonyeshi London? Jibu langu kutoka Todmorden

Haya jamani, karibuni. Leo nimeona nijibu hili mara moja, maana kila nikipandisha video komenti ni zilezile: "Dada, hiyo ni Uingereza gani isiyo na ghorofa? Mbona kila siku mawe, mfereji na mboga?" Mwingine anaandika, "Huyu ameshatoboa, anakula bata milimani." Yaani nikionyesha kizuri najivuna, nikisema hali ni ngumu nalia njaa. Leo mtanivumilia.

Siishi London. Naishi Todmorden, mji wa watu kama elfu 15 kati ya Manchester na Leeds, umebanwa bondeni na milima kila upande. Mume wangu ndiye mwenye kazi ya maana huku. Mimi nilikuja kwa visa ya mwenza, na usiku nipo ghalani. Ndiyo, nabeba maboksi. Msiulize tena.

Kwa nini natembea sana? Kwa sababu kutembea ni bure! Visa yangu ukiiongeza unapewa miezi 30, na kwa miezi hiyo ada ya afya peke yake ni pauni 2,587 na senti 50, hujagusa ada ya maombi yenyewe. Ukifika kwenye ukaazi wa kudumu kuna ada nyingine, walipoipandisha Aprili 2025 ilifika pauni 3,029. Na mshahara unakatwa kodi kama wa mwenyeji. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilinirudishia nyaraka zote kwa sababu cheti changu cha kuzaliwa kimetanguliza jina la baba na pasipoti imetanguliza langu. Nikaapa kiapo kwa mwanasheria, hela, nikatuma upya, hela. Halafu wewe unataka nikapande lile gurudumu kubwa la London, London Eye, nikupigie picha.

Na kuna ule mtihani wa kuombea ukaazi huo, wa Maisha ya Uingereza: pauni 50, maswali 24, upate 18. Nikakariri wake sita wa mfalme Henry wa Nane mpaka nawaota. Siku moja nikajiuliza, hawa nawajua kwa majina, mji ninaoulipia kodi ya halmashauri mbona siujui?

Nikaanza na hili jengo hapa nyuma yangu, lenye nguzo. Ndiyo Town Hall, yaani ukumbi wa mji, lilifunguliwa 1875, na chini yake unapita mto. Zamani mpaka wa Lancashire na Yorkshire ulipita humohumo ndani, kwa hiyo ukicheza dansi ukumbini unavuka mkoa na kurudi. Mpaka ulikuja kusogezwa mwaka 1888. Ukiangalia juu kwenye mchongo utaona upande mmoja ni kazi za pamba, mwingine ni sufu na kilimo.

Pamba ndiyo iliyonishika mimi, mtoto wa Maswa, Tanzania. Nimekulia kwenye marobota, nimemsindikiza mzee kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akirudi amenuna. Huku nako, enzi za ukoloni, wenye viwanda wa Lancashire walikuwa wanahangaika na pamba. Nyingi walikuwa wanaitoa Marekani, na kabla ya vita vya kule vya 1861 iliyolimwa na watumwa ndiyo iliyowalisha. Mwaka 1902 wakaunda chama cha kuhimiza kilimo chake kwenye makoloni. Sisemi pamba ya babu yangu ilifika hapa, sina ushahidi. Ila nikipita kwenye majengo ya mawe kando ya mfereji, sipiti kama mtalii.

Mwenye viwanda mkubwa wa hapa alikuwa John Fielden. Alianza kazi kiwandani kwa baba yake akiwa na miaka kama 10. Baadaye akawa mbunge na kuipigania Sheria ya Saa Kumi ya 1847, kwamba wanawake na vijana wa viwandani wasizidi saa 10 kwa siku. Tajiri wa viwanda, jamani! Sanamu yake iko bustanini, Centre Vale. Nikitoka shifti ya urefu wa saa 12 huwa namsalimia.

Ule mnara mweusi kule juu ni Stoodley Pike, mita 37, kumbukumbu ya kushindwa kwa Napoleon. Wa kwanza ulianguka 1854, huu ni wa 1856. Upepo wa pale si wa kuvaa kanga. Tuendelee.

Sasa mboga, maana ndizo mnazozicheka. Mwaka 2008 wakina mama wawili, Pam Warhurst na Mary Clear, na wenzao walianzisha kikundi cha Incredible Edible. Wakapanda chakula kwenye maeneo ya wazi, bila kusubiri bajeti ya mtu, na anayepita anachuma bure. Kituo cha treni kuna rozimari na mnanaa, kituo cha afya kuna miti ya matunda, na mbele ya polisi walipanda mahindi. Mahindi, mbele ya polisi! Kwetu mjini bwana afya angekuja na panga asubuhi. Mimi huwa naenda siku za kupalilia. Hapo hakuna anayeniuliza visa yangu inaisha lini, wananiuliza kama nimevaa buti.

Lakini msidhani ni peponi. Tarehe 26 Desemba 2015 mto Calder ulifurika, bonde zima likaingia maji. Mpaka leo kuna ving'ora vya mafuriko, na huko juu watu wanajitolea kupanda miti na kulaza magogo vijitoni maji yashuke taratibu.

Na wewe ndugu yangu uliyechukua picha yangu ya mlimani ukaitupia kwenye grupu la familia, ukaandika "ada ya mtoto hatumi lakini anazurura," nimekuona. Ada nilituma, risiti ninayo.

Mwingine atawaambia London ndiyo kila kitu, na kwake ni kweli. Haya ni ya kwangu, kwa visa yangu na mfuko wangu, na sheria zao zinabadilika kila mara, kwa hiyo soma tovuti ya serikali, usimlipe wakala kwa sababu yangu. Aliyeuliza kuhusu sukuma wiki: ipo. Mchicha bado sijauona.