Siku ya Kuhamia: Tunavyopima Unafuu wa Nyumba Dar es Salaam

Habari za jioni. Asanteni kwa kuja na foleni yote hii.

Naanza na chumba kimoja Mbagala. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo uani, LUKU moja, yaani mita ya umeme, ya kuchangia. Tuseme kodi ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Anayekitaka ni mama muuza chapati, pesa yake inaingia kidogo kidogo kila siku. Lakini haambiwi alete 50,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, yaani 300,000, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Jumla 350,000 taslimu, kabla hajaingiza hata godoro.

Sasa mleteni mtafiti mwenye kipimo kile kilichozoeleka: nyumba ni nafuu ikiwa haizidi asilimia 30 ya kipato. Namba hii ina kwao. Mwaka 1969 Bunge la Marekani liliweka kikomo cha asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba za umma. Mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Kanuni ya nchi moja kuhusu kodi ya nyumba ikazunguka dunia nzima, nasi tukaifundisha kana kwamba imetokana na maisha yetu. Kwa kipimo hicho, mama akipata 200,000 kwa mwezi hana tatizo. Asilimia 25 tu!

Wa kwanza kunifumbua macho alikuwa Michael Stone, mtafiti wa makazi wa hukohuko Marekani. Yeye anauliza: ukishalipa nyumba, kinachobaki kinatosha chakula, nguo na dawa? Watu wawili na watu saba wenye kipato kimoja na kodi moja wana asilimia ileile, lakini sufuria zao hazifanani. Kwa mji huu naona swali lake ni bora zaidi.

Kisha Chicago, kituo cha Center for Neighborhood Technology kikajumlisha gharama za nyumba na za usafiri. Hili mnalijua bila kusoma. Kiwanja cha Chanika ni rahisi, kazi iko Kariakoo, mtu anaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Nauli ile ni sehemu ya bei ya nyumba yake, na usingizi pia.

Siku hizi watafiti wanatumia hata picha za setilaiti. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 ulirudi kwenye viwanja vilivyopimwa hapa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia: Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Baada ya miongo kadhaa, mitaa iliyopimwa kabla ya watu kujenga ina nyumba bora na thamani kubwa zaidi. Ni kazi nzuri sana, na inathibitisha kwamba kupima viwanja mapema kunalipa. Lakini thamani ikipanda, anayetafuta chumba cha 50,000 anasogezwa mbele zaidi, na setilaiti haimwoni akihama.

Ndiyo maana nawasihi, hasa ninyi wanafunzi mnaoandaa madodoso. Msiishie kuuliza kodi ya mwezi. Ulizeni: siku uliyohamia ulitoa shilingi ngapi kwa mkupuo, na ulizipata wapi? Mwezi ni kipimo cha mwenye mshahara. Wengi wa wapangaji wetu wanaishi kwa siku na kulipa kwa nusu mwaka, na katikati ya hivyo viwili ndimo mateso yalimo: mkopo wa riba, cherehani inayouzwa, mtoto anayerudishwa kijijini kwa bibi.

Niliwahi kumuuliza swali hilo mama mmoja Tandale. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilisubiri zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa, miezi mitano. Tulikuwa tunalala kwa dada yangu, watu tisa chumba kimoja. Zamu ilipofika, chumba nilichokitaka kilikuwa kimeshachukuliwa." Kwenye dodoso langu hapakuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Nililiandika pembeni, kwa penseli.