Kwa nini nazunguka Marekani nikikusanya vituo vya kuchajia gari: leo nawajibu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina mgeni wala sipo barabarani, nimekaa na kamera tu, kwa sababu kuna swali nimechoka kulisoma. Kila nikiweka video ya safari, chini yake nalikuta. "Dada, wewe kazi unafanya saa ngapi? Kila siku uko kwenye chaja." Mwingine anaandika, "Wenzako wanajenga, wewe unazurura na gari la umeme." Halafu kuna yule anayeuliza kwa upole kabisa, video baada ya video: "Hivyo vituo unavyovihesabu, ukishavihesabu unapata nini?" Huyo ndiye aliyenikalisha hapa, maana swali lake ni la haki na sijawahi kulijibu vizuri.

Kabla sijaendelea niwawahi watu wawili. Wewe unayejiandaa kuandika kwamba najionyesha, gari hili ni Tesla Model 3 iliyotumika, nimeichukua kwa mkopo na bado nalipa. Na wewe utakayesema nalalamika wakati wengine wanatamani kufika huku, mimi nataja gharama kwa kuwa ndizo mnazoniuliza. Nikinyamaza mnasema naficha, nikisema mnasema nalia. Basi leo nasema.

Gari la umeme lilivyo mmeshaliona, siwaelezi. Niwaeleze hii ya kukusanya. Kuna watu huku, na mimi ni mmoja wao, wanaoweka orodha ya kila kituo cha Supercharger, yaani chaja za haraka za kampuni ya Tesla, walichowahi kuchomeka gari lao. Masharti yake ni ya kuaminiana. Kupita na kupiga picha hakuhesabiki. Lazima uchomeke na umeme uingie, na wengine wanadai iingie angalau yuniti moja, yuniti ile ile mnayonunua kwenye mita nyumbani, ndipo uandike. Kituo kikija kubomolewa, kinabaki halali kwa waliokiwahi. Wapo wanaofuatilia mpaka vibali vya ujenzi vya halmashauri za miji. Wanajua transfoma imeletwa lini, wanajua kampuni ya umeme bado haijaunganisha, na siku kituo kinawashwa wako pale tangu alfajiri.

Nilimkuta mzee mmoja Green River, Utah, usiku wa baridi kali, amevaa taa ya kichwani, anaandika kwenye daftari la mistari. Jina la kituo, tarehe, maili zilizosomeka kwenye gari, yuniti zilizoingia. Anaandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unaganda. Akaniuliza natokea wapi, nikamwambia Grand Junction, naelekea magharibi. Akafunga daftari kwanza, akanitazama, akasema, "Binti, usiondoke hapa na betri ya kubahatisha." Kutoka Green River mpaka Salina, barabara ya I-70 inakwenda zaidi ya maili 100, yaani zaidi ya kilomita 160, bila kituo cha mafuta, bila duka, bila chochote. Na si tambarare. Unapanda zaidi ya mita 1,000 kwenye majabali yale, na upepo ukiwa wa mbele asilimia za betri zinashuka huku unaziona. Nilikaa pale mpaka nikaridhika. Mzee yule hakunijua, hakuna alichopata kwangu, lakini hakuondoka mpaka ameniona nimekubali. Mnaouliza kama huku watu wanajaliana, mimi nasema kwenye vituo vya chaja nimeona wanajaliana. Kwingine siwezi kuwajibia.

Sasa wengine mnasema vituo si ni vilevile tu, mashine nyeupe na waya. Hapana. Mtandao huu ulianza Septemba 2012 na vituo sita tu, vyote California: Barstow, Hawthorne, Lebec, Coalinga, Gilroy na Folsom. Mkusanyaji yeyote atakwambia hivyo sita lazima uwe navyo. Coalinga iko katikati ya mashamba makubwa ya ng'ombe, kandokando ya barabara ya I-5, na harufu inakufikia kabla hujaona kibao. Siku hizi pana mashine 98 mahali pale, zimepangwa safu kwa safu. Upande wa pili kabisa wa hesabu ni North Dakota, jimbo la mwisho kupata kituo kati ya yale 48 yanayopakana huku bara, mwaka 2020. Ukiwa na orodha unaona jinsi nchi ilivyofunguka, wapi walianza, wapi waliachwa nyuma.

Na kingine, chaja inakusimamisha mahali ambapo hakuna mtu angesimama. Ukiwa na gari la petroli unajaza dakika tano unaondoka, mji huujui jina. Mimi nasimama nusu saa, nateremka, natembea. Naijua miji midogo ya Kansas, Colorado na Utah kuliko majirani zangu wa Dallas, Texas, waliozaliwa nchi hii. Nimetoka Denver, mji wenye mwinuko wa mita 1,600, nikapanda mpaka handaki la Eisenhower lililo juu ya mita 3,400, betri inaliwa kweli kweli, roho mkononi. Halafu upande wa pili, kushuka kwenda Silverthorne, motor inageuka kuwa jenereta, umeme unarudi kwenye betri, na asilimia zinapanda gari likiwa linatembea. Sikuwa na haja ya kuambiwa na mtu jinsi breki ya umeme inavyofanya kazi. Niliiona.

Lakini hayo bado si jibu la "unapata nini". Jibu nitawapa, ila mnivumilie, maana linapitia kwenye makaratasi.

Nimeishi huku miaka mingi sasa, na kila karatasi niliyo nayo ina tarehe ya kuisha. Kibali cha kazi kina tarehe. Leseni yangu ya udereva, kwa kuwa sina ukaaji wa kudumu, inaandikwa iishe siku ileile kibali kinapoisha. Kibali kikichelewa, leseni nayo imekwama. Unakwenda kwenye foleni, unafika dirishani, unaambiwa mfumo bado haujathibitisha hali yako, rudi wiki ijayo. Unarudi, mtu mwingine dirishani, anakuomba karatasi ambayo wa kwanza hakuitaja. Mimi nimewahi kukaa na gari mlangoni, mkopo unaenda, bima inaenda, na leseni imeisha kwa sababu mtu fulani mahali fulani hajabonyeza kitu. Hakuna unayeweza kumpigia.

Mkopo wenyewe ni hadithi nyingine. Mtu uliyefanya kazi miaka yote, hujawahi kumdhulumu mtu shilingi, unafika huku unaambiwa huna historia ya mikopo, kwa hiyo riba yako ni hii hapa, na ni kubwa kuliko ya kijana wa miaka 20 aliyezaliwa hapa. Halafu kulikuwa na nafuu ya kodi ya serikali kwa magari ya umeme yaliyotumika, hadi dola 4,000, gari lisizidi dola 25,000 na linunuliwe kwa muuzaji rasmi. Gari langu lilistahili. Aliyeniuzia hakuwa amejisajili kwenye mfumo wa mamlaka ya kodi, na bila yeye kuingiza taarifa za mauzo mimi sina cha kudai. Aliniambia "tutalishughulikia" mpaka nikaacha kupiga. Nafuu yenyewe ilifutwa tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo mnaoniandikia niwaelekeze namna ya kuipata, imeisha, msipoteze muda.

Na Texas, tangu Septemba 2023, mwenye gari la umeme analipa dola 200 za ziada kila mwaka kwenye usajili. Gari jipya kabisa ni dola 400 mara ya kwanza, kwa miaka miwili. Wanasema ni kufidia kodi ya mafuta. Haya, tupige hesabu. Kodi ya jimbo kwenye petroli ni senti 20 kwa galoni. Mwenye gari la petroli inabidi anunue galoni 1,000 kwa mwaka ndipo awe amelipa jimbo dola 200. Mimi naendesha sana, labda hainiumizi sana. Lakini mama anayetoka nyumbani kwenda kazini na kurudi tu, huyo anaonewa, na nitalisema hilo hata mkinichoka.

Sasa ndiyo jibu. Orodha yangu ya vituo haina tarehe ya kuisha. Hakuna dirisha ninaloipeleka ikagongwe mhuri. Barstow nilichomeka, umeme ukaingia, nimeandika, basi. Kibali changu kikibadilika au kisibadilike, nilifika. Kwa mtu ambaye kila mwaka anaulizwa athibitishe yuko hapa kihalali, mjue kitu cha namna hiyo kina uzito. Ndicho ninachopata.

Haya, hela za barabarani, maana najua mnasubiri. Kuchaji nyumbani kwako ndiko rahisi. Chaja za haraka za barabarani mara nyingi ni ghali mara mbili au tatu ya umeme wa nyumbani, na bei inabadilika kwa kituo na kwa saa. Usiku wa manane si sawa na saa kumi jioni. Ukimaliza kuchaji na ukaliacha gari limechomekwa, unatozwa senti 50 kwa dakika kituo kikiwa kimejaa nusu au zaidi, na dola 1 kwa dakika kikiwa kimejaa kabisa. Kwa hiyo mnaposema nakula raha hotelini gari likichaji, mjue mwenzenu yuko macho anaangalia simu.

Na usijaze mpaka 100 ukiwa safarini kama huna sababu. Betri ni kama daladala: ikiwa tupu abiria wanaingia mbiombio, viti vikibaki vichache kila mmoja anatafuta pa kujipenyeza na gari haliondoki. Ukipita asilimia 80 umeme unaingia taratibu sana. Mimi hupenda kufika kituoni na 10 au 15, niondoke na 60 au 70, kama barabara ya mbele inaruhusu. Ile ya Green River hairuhusu. Wakati wa baridi naliwekea gari ramani ya kituo ninachokwenda, ili betri ianze kujipasha moto njiani, vinginevyo utafika na utakaa. Na kwenye vituo vya zamani, vile vya kilowati 150, mashine ziko jozi, 1A na 1B, zinagawana umeme. Usichomeke pembeni ya mwenzio kama kuna jozi iko wazi. Vile vipya vya kilowati 250, vilivyoanza 2019, havina shida hiyo. Haya ni ya kwangu na ya gari langu. Lako linaweza kuwa tofauti kabisa, usije ukanilaumu.

Mwisho, hili la "dada nitumie moja huku". Ndugu zangu, ngojeni. Gari la Tesla la soko la Marekani lina mdomo wa kuchajia wa Marekani. Magari ya Ulaya yana mdomo mwingine, ya China mengine yana mwingine tena. Usipouliza mapema utapokea gari bandarini halafu chaja ya mjini kwako haiingii. Uliza kwanza aina ya plagi, nani atakutengenezea likiharibika, na usukani uko upande gani. Ethiopia mwaka 2024 walipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa hiyo msifikiri haya ni mambo ya Wazungu peke yao, yanakuja. Lakini kama kwako umeme unakatika kila jioni, au huna mahali pa kulaza gari ukalichaji, mimi siwezi kukwambia nunua. Sijui maisha yako. Video zangu zisiwe sababu ya mtu kuchukua mkopo.

Wanaotaka video ya bima, nitaifanya peke yake, ina mengi. North Dakota nimeiahidi kwa muda mrefu, najua, na mnanikumbusha kila wiki. Njia nimeshaipanga, kituo kwa kituo, mpaka Jamestown. Kibali changu kiko mezani kwa mtu, na leseni inakisubiri hicho hicho kibali. Ikitoka naondoka wikendi hiyohiyo, baridi au joto.