Saa ya Wells: Waacheni Farasi, Tazameni Uso

Mabibi na mabwana, ukiingia Kanisa Kuu la Wells, kusini magharibi mwa Uingereza, robo saa ikikaribia utawakuta wageni wameinua simu juu. Wanasubiri farasi. Kengele inalia, wapanda farasi wanazunguka juu ya saa na mikuki yao, mmoja anapigwa anaanguka chali. Robo saa nyingine, anayepigwa ni yuleyule. Maskini! Pembeni ameketi sanamu Jack Blandifers, anagonga kengele kwa visigino. Mchezo ukiisha watu wanatawanyika, na saa yenyewe hawajaitazama.

Mimi nataka tuutazame uso, uliotengenezwa mnamo 1390. Katikati ni dunia. Duara la nje limegawanywa saa 24 kwa namba za Kirumi, I hadi XII mara mbili. Adhuhuri iko juu kabisa, usiku wa manane chini kabisa. Mshale wa saa hakuna. Kuna nyota kubwa ya dhahabu, ndilo jua, nayo huzunguka mara moja tu kwa siku: asubuhi inapanda kushoto, jioni inateremka kulia. Sisi tunaohesabu saa tangu macheo tunaisoma bila taabu, maana pale kwenye VI ya kushoto ndipo siku yetu inapoanza. Nyota ndogo, duara la pili, inahesabu dakika.

Duara la ndani ndilo linalonivutia zaidi. Linahesabu umri wa mwezi, siku 1 hadi 30, na kuna kitundu kinachoonyesha mwezi ulivyo, mwandamo au mpevu. Mapadri walikuwa na haja nao, kwani Pasaka hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu.

Najua mtaniuliza: dunia katikati? Naam. Kitabu cha Copernicus, mwanafalaki aliyesema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, kilitoka baadaye, 1543. Kuhusu mbingu fundi alikosea, lakini saa yake haikukosea, kwa sababu inafuata kile anachokiona mtu aliyesimama ardhini, na jicho hilo halijabadilika. Karne ya 19 mtambo wa ndani ulibadilishwa. Ule wa kale uko Science Museum, jumba la makumbusho ya sayansi la London. Uso ukabaki na dunia yake katikati. Kujaza saa kwa mkono kuliendelea hadi 2010, ndipo ikafungwa mota.

Kwa hiyo mkijaliwa kufika, wahini kabla ya robo saa, umati haujasogea. Someni kwanza mwezi una siku ngapi. Farasi watakuja tu.