Hela ilizaliwa mji huu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimepanda treni kutoka Stuttgart, nimefika mji mdogo unaoitwa Schwäbisch Hall. Hapo nyuma yangu mnaona ngazi za kanisa, na chini kule ni mto Kocher. Zamani mji huu ulitajirika kwa chumvi. Lakini mimi nimefuata neno moja tu: hela.

Yapata miaka 800 iliyopita, hapa Hall walifua sarafu ndogo yenye kiganja upande mmoja na msalaba upande wa pili. Watu wakaiita kwa jina la mji, Haller, baadaye Heller. Ilisambaa, miji mingine ikaiga, na thamani ikazidi kushuka. Hadi leo mzee wa Kijerumani akisema hana hata "roten Heller", yaani heller nyekundu ya shaba, ujue mfuko mtupu kabisa.

Ikafikaje kwetu Afrika Mashariki? Wajerumani walipotutawala, rupia yao ilikuwa na pesa 64. Ndiyo, pesa! Ilikuwa sarafu yenyewe, imeandikwa hivyo, na jina limetoka India, paisa. Rafiki yangu wa Kihispania aliniapia kwamba ni neno lao, kwa sababu kwao "pesa" ni "ina uzito". Hapana, zimefanana kwa sauti tu. Halafu mwaka 1904 wakabadilisha hesabu: rupia moja, heller 100. Wazee wetu wakalainisha ulimi, ikawa hela.

Hili linanigusa sana. Mkulima hakujifunza neno hili darasani. Serikali ilidai kodi, na kodi ilitaka sarafu, kwa hiyo mtu alitoka kwake kwenda kuitafuta kwenye mashamba ya watu. Sarafu ndogo ndiyo iliyopita mikononi mwake, na ndiyo iliyobeba jina la fedha zote. Kwa Mjerumani heller ni kitu kisicho na thamani. Kwa mama yangu, "nitumie hela" ni ada ya shule na unga wa mwezi mzima. Na hilo neno shule nalo limetoka kwenye Schule ya hawa hawa Wajerumani.

Wacheki nao wana ndugu yake, haléř, ambayo ni sehemu ya mia ya koruna yao. Huyo ni ndugu wa damu. Lakini mkienda Sweden mkasikia "hela", msishtuke, kule ni "yote" au "nzima". Na hapa Ujerumani kazini mtu akiomba taa iwe "heller", anataka iongezwe mwanga. Hayo mawili hayahusiani na sarafu yetu hata kidogo.

Sasa nina ombi. Kama babu au bibi ana sarafu ya zamani yenye tundu katikati, isafisheni taratibu kwa kitambaa kikavu mkasome. Ikiwa imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, hiyo ni hela yenyewe, ya 5 au ya 10. Msichanganye na senti 5 na 10 za Waingereza, nazo zilitobolewa. Ile ya heller 1 haina tundu, ina taji na maandishi hayo hayo DEUTSCH OSTAFRIKA. Mkiipata nipigieni picha pande zote mbili, nitaionyesha hapa.