Joto la inveta mnalitengeneza wenyewe

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele, feni ya huku ndo nzima. Naona sura nyingi nilishaongea nazo, sasa msinune mkisikia narudia, narudia kwa sababu bado mnaniletea bodi za inveta zimeungua. Inveta ni ile sehemu ya chaja inayogeuza umeme wa DC kuwa AC wa kasi wa kulisha koili.

Na kabla sijaulizwa tena kama umeme unapotelea hewani: kuchaji gari bila waya, koili ya kwenye pedi ya chini inapeleka nguvu kwa sumaku hadi koili iliyo chini ya gari, na umeme unaopotea haupotelei hewani. Unageuka joto, na joto lina pa kukaa, kwenye waya za koili, kwenye rektifaya ya ndani ya gari inayorudisha AC kuwa DC ya betri, na kwenye inveta. Kiwango cha SAE J2954, cha kimataifa cha kuchaji magari bila waya, kinataka ufanisi usishuke chini ya asilimia 85 gari likiwa limekaa sawasawa juu ya pedi. Chukua chaja ya kilowati 7.7, asilimia 15 ikipotea ni zaidi ya wati 1,100, yani umeacha pasi ya nguo imewashwa usiku kucha na LUKU ni yako. Wenzetu wanafika 90 na kupita, kwa hiyo hizo asilimia zinatafutika, na mimi nazitafutia kwenye inveta kwa sababu ndo sehemu ambayo fundi wa hapa anaweza kuigusa leo bila kuagiza kitu.

Kuna kijana aliniletea inveta yake, mosfeti nne, yani swichi za elektroniki, zimefungwa mbili mbili, juu na chini, daraja la kawaida, inachemka. Nikamuuliza umefanya nini, akasema nimefunga mosfeti kubwa zaidi, zenye rizistansi ndogo, yani ukinzani mdogo wa umeme. Ikawaje? Ikachemka zaidi! Akaongeza hitisinki, kile chuma cha kutolea joto, akaongeza feni, akaanza kulaumu mosfeti kwamba ni feki. Sasa nisikilizeni hapa hata kama mengine mtasahau. Mosfeti kubwa kweli ina rizistansi ndogo, lakini ina kapasitansi kubwa ya ndani, yani uwezo wa kuhifadhi chaji kama kapasita, na ile kapasitansi inabeba chaji. Ukiiwasha wakati volti bado imekaa juu yake, chaji yote inamwagikia ndani ya mosfeti yenyewe, na inamwagika kila mzunguko, na hapa tunaongelea kilohezi 85, mara elfu themanini na tano kwa sekunde moja. Na hiyo ni chaji tu, bado ule muda ambao volti na ampea vinakuwepo pamoja. Piga hesabu ya haraka: volti 400, ampea 20, nanosekunde 100 za kuwaka na kuzima, inakuja kama wati 34 kwa mosfeti moja, nne ni 136. Hapo rizistansi hujaigusa bado.

Dawa yake ni kuiwasha volti ikiwa imeshashuka sifuri. Nani anaishusha? Mkondo wa koili yenyewe. Ndo maana kapasita za kurezonansi, zile zinazofungwa na koili ziyumbe pamoja kwa masafa yale yale, tunazipanga ili mkondo uchelewe kidogo nyuma ya volti, kidogo tu, ukizidisha unazungusha ampea za bure. Halafu ule muda mfupi ambao mosfeti ya juu na ya chini zote zimezimwa, dedi taimu, lazima utoshe. Ukiwa mfupi mno volti haijamaliza kushuka, ukizidi kuwa mfupi ndo shoti kabisa. Ukiwa mrefu mno mkondo unageuka na volti inapanda tena. Mzunguko mzima ni kama mikrosekunde 11.8, kwa hiyo tunabishania nanosekunde hapa. Yule kijana tuliweka osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha umbo la volti, probu moja kwenye geti, mguu wa kuwashia mosfeti, nyingine kwenye dreni, mguu unaopokea volti kubwa, tukaona geti linafunguka volti bado iko juu. Aliongeza dedi taimu kwenye programu, basi. Mosfeti ni zile zile alizoziita feki.

Najua mtu anasema kimoyomoyo, “Injinia, sisi tuna bodaboda na bajaji, hayo ya magari yanatuhusu nini?” Yanawahusu. Sheria ya swichi haiulizi kama ni gari au pikipiki. Na nyie mnaokaa Kirumba na Igombe mnaoanza kuongelea mitumbwi ya umeme, plagi iliyo wazi karibu na maji mnaitaka ya nini? Norwei mwaka 2017 Wärtsilä walichaji kivuko cha MF Folgefonn bila waya kwa zaidi ya megawati 1. Kivuko! Na sisi vivuko tunavijua.

Mnaniambia dakika zangu zinaisha, haya, nakimbia. Gari likikaa upande: wengi wanadhani mkondo unapungua. Kwenye mpangilio wa kapasita moja kwenye koili ya chini na moja kwenye ya gari, zote kwa mfululizo, ni kinyume, koili ya chini inavuta ampea nyingi zaidi, na gari likiondoka kabisa inveta inaweza kulipuka, kwa hiyo wekeni ulinzi. Betri ikikaribia kujaa: msipunguze nguvu kwa kubana upana wa palsi tu, yani muda ambao inveta inatoa volti kila mzunguko, mosfeti za upande mmoja zinapoteza ile volti sifuri, bora mshushe volti ya DC inayoingia na kuiacha inveta iendelee na palsi zake kamili. Mosfeti za silikoni kabaidi ni nzuri, haiongezi rizistansi sana ikipata joto kama silikoni ya kawaida, ila diodi yake ya ndani inakula volti 3 hadi 4, dedi taimu ndefu itakuadhibu. Waya wa litzi, ule wa nyuzi nyingi nyembamba wa kusukia koili, nimeuruka, mtaniuliza nje. Na safisheni feni jamani, msimu wa wadudu wa ziwani ukifika nimefungua boksi nikakuta hitisinki imejaa wadudu, halafu mtu ananiambia muundo mbovu.

Wabeja sana. Waliokuja na bodi tuanze na ile ya mezani, nani ana probu ya volti kubwa? Siyo hiyo ya kawaida, hiyo utaunguza osiloskopu ya watu.