Programu itajuaje ilipowekwa?

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Leo nina jambo moja tu: programu itajuaje ilipo, ili ikachukue moduli zake, yaani vile vipande vyake inavyopakia ikishaanza?

Tuchukue programu ya tiketi za boti pale Malindi, Unguja. Faili lake ni /opt/tiketi/bin/tiketi, moduli zimo /opt/tiketi/moduli. Wengi huandika "../moduli" wakaona kazi imekwisha. Ukiianzisha ukiwa ndani ya bin, inakwenda vizuri. Ikianzishwa na cron, ile inayoanzisha programu kwa saa zilizopangwa, haioni kitu, maana njia ile huhesabiwa kutoka folda aliyosimama aliyeianzisha.

Mwengine atasema, tazama argv[0], neno la kwanza programu inalopewa inapoanzishwa. Hilo ni jina uliloitiwa tu. Mtu akikwita "Mzee" barazani, hajasema unakaa Mkunazini au Kikwajuni. Ukiandika "tiketi" kwenye teminali, sheli, ile inayopokea amri zako, huitafuta katika PATH, orodha yake ya folda za programu, lakini argv[0] hubaki "tiketi" vilevile, bila njia. Na anayeianzisha programu anaweza kutia humo neno lolote alitakalo.

Kwenye Linux muulizeni kerneli, kiini cha mfumo: someni kiungo /proc/self/exe, kinachoelekeza kwenye faili la programu yenyewe, kwa readlink. Hapa nawaomba tuwe makini sana. Readlink haiweki baiti ya sifuri, ile ambayo lugha ya C hujulia mwisho wa maneno. Bafa, yaani nafasi ya kupokelea jibu, ikiwa ya baiti 4096, omba 4095, kisha weka sifuri wewe mwenyewe, pale idadi iliyorudishwa inapoishia. Ikirudi 4095 kamili, huenda njia imekatwa na hukuambiwa. Ongeza bafa usome tena. Ikirudi -1 (imeshindwa) ndani ya chroot, pale programu inapofungiwa katika folda moja kama ndio mfumo mzima, angalia kwanza kama /proc imepachikwa. Na someni mapema, programu inapoanza tu: faili likifutwa baadaye, njia itakuja na " (deleted)" mkiani.

Windows mna GetModuleFileNameW kwa kazi hiyohiyo. Kwa bafa ya herufi 260 njia ndefu hukatwa. Kwenye macOS ni _NSGetExecutablePath, nayo huweza kurudisha kiungo, kwa hiyo ipitisheni kwenye realpath.

Mkishapata njia, kateni kwenye mkwaju wa mwisho mara mbili, ongezeni /moduli, mumpe dlopen, mpakiaji wa moduli, njia nzima. Mkimpa "malipo.so" pekee, ataitafuta katika folda zilizotajwa kwenye LD_LIBRARY_PATH, halafu kwenye orodha ya mfumo, kisha /lib na /usr/lib. Akikuta malipo.so nyengine huko, ataipakia hiyo, na hilo ni baya kuliko kukosa.

Ukitaka linka, ile inayounganisha vipande programu inapojengwa, ikubebee kazi hiyo, andika kwenye amri ya kujengea -Wl,-rpath,'$ORIGIN/../moduli'; $ORIGIN ni folda lilimo faili la programu. Usiziache zile alama za kufungia (' '): bila ya hizo sheli huimeza $ORIGIN, na linka hupokea /../moduli.