Masseria: Ngome ya Mafuta Inayolaza Wageni

Shikamooni wakubwa zangu, habari zenu wenzangu.

Mzeituni tumeujua kwa jina kabla ya kuuona. Umeapiwa ndani ya Kurani, umetajwa ndani ya Biblia, lakini wengi wetu hatujawahi kukaa kivulini mwake. Leo nawapeleka Puglia, kusini mwa Italia, kwenye uwanda ulio kati ya Ostuni, Fasano na bahari ya Adriatiki. Mizeituni ya huko ina umri wa karne nyingi, mashina yamejisokota na kupasuka, mengine yana uwazi wa kumtosha mtu kusimama. Katikati yake yapo majumba ya mawe yaitwayo masseria.

Masseria ilikuwa shamba na ngome kwa pamoja. Mwaka 1480 Waosmani, yaani Waturuki wa enzi hizo, waliuteka mji wa Otranto, huko huko Puglia, na pwani ile ikaishi na hofu ya maharamia kwa vizazi. Ndiyo maana kuta ni nene, na juu ya mlango wa nyingi pana tundu la kumwagia adui vitu vya moto. Siku hizi mgeni hupita chini ya tundu hilo akiburuta begi.

Mgeni huyo ningemwomba asianzie chumbani. Ashuke kwanza chini ya ardhi, kwenye kinu kilichochongwa mwambani. Mafuta ya zeituni huganda yakipatwa na baridi, na msimu wa kukamua huangukia kipupwe. Kule chini, pumzi za watu na wanyama na moto wa taa vilitunza joto. Mnyama alizungusha jiwe kutwa, kama ngamia wa kinu cha mafuta kule Zanzibar. Wakamuaji walikula na kulala humo humo, miezi kwa miezi. Msimamizi wao aliitwa nachiro, jina lililotokana na neno la Kigiriki la nahodha. Nami naliona jina la haki, maana walifungiwa pamoja kama mabaharia. Na mafuta yao mengi hayakuliwa! Yalipakiwa bandari ya Gallipoli, ile ya Puglia wala si ya Uturuki, yakaenda kuwasha taa za London.

Sheria ya Italia ya mwaka 1985 ilimruhusu mkulima kulaza wageni shambani, kwa sharti kwamba kilimo kibaki kazi kuu. Sharti hilo nalipenda mno. Kitanda kiulishe mti, mti usigeuzwe pambo la kitanda.

Maana mti wenyewe unaumwa. Mwaka 2013, karibu na Gallipoli hiyo hiyo, iligunduliwa bakteria ya Xylella fastidiosa. Huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, ikaziba njia za maji ndani ya mti. Mamilioni ya mizeituni imekauka Salento, upande wa kusini wa Puglia, na ugonjwa umepanda kaskazini hadi uwanda huu. Wako wakulima wanaopandikiza vikonyo vya Leccino, aina inayoustahimili, juu ya mashina ya kale. Ukifika ukakuta shina kuukuu limevishwa vikonyo vichanga, usikimbilie ufukweni. Muulize mwenye shamba amepandikiza lini, na vingapi vimeshika.